Matope ya Bahari Katika Maji ya Mvua

Mwanangu, katika siku zote za usichana wangu hakuna ninayoikumbuka kama ile niliyorudi kutoka hospitali nimemshika mama mdogo mkono, tukafika mlangoni hapa, tukakuta nyumba yetu imeacha kunuka bahari. Najua unacheka. Kirua Vunjo, huku mlimani Kilimanjaro, na bahari, wapi na wapi? Basi sogeza kigoda, na hiyo simu iweke mfukoni kwanza, haitakimbia. Ninalotaka kukuambia linahitaji masikio yako yote mawili.

Mama yangu alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Aikande. Wazazi wao walifariki Aikande akiwa hata kuchota maji hajajua, na mama, aliyekuwa msichana anayekaribia kuolewa, akaja naye kwenye ndoa yake kama mwingine anavyokuja na sanduku la nguo. Alimlea kwenye kihamba hiki hiki, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Mama mwenyewe aliishia darasa la nne. Aikande alisoma mpaka akazimaliza shule za huku mlimani, akaenda chuo kikuu Dar es Salaam, na huko, katika mambo yote ambayo mtu anaweza kusoma, akachagua matope ya chini ya bahari. Wanawake wa jumuiya walimwuliza mama baada ya misa, "Sasa mtoto wa mlimani anatafuta nini huko baharini?" Mama hakupenda maswali ya aina hiyo. Aliwajibu, "Kilichopo," akajitwisha mzigo wake akaondoka.

Mimi nilimpenda Aikande kupita kiasi. Nilimwita mama mdogo kama inavyotakiwa, lakini moyoni nilitaka kuwa yeye. Nilijifunza hata kutembea kama yeye, kwa hatua zile ndefu, mpaka jirani mmoja akamwuliza mama kama nina jipu mahali.

Mwaka ule malaria ilimshika vibaya huko Dar, wakamruhusu aje apumzike nyumbani kwenye baridi. Vuli ilikuwa imeanza na kahawa ya mwisho mwisho ilikuwa bado mitini. Alishuka kwenye gari amekonda, macho ya njano, amekumbatia kreti ya mbao kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Hakukubali mtu yeyote ampokee.

"Shikamoo dada," akasema.

"Marahaba mdogo wangu. Pole na safari. Umetuletea nini humo?"

"Matope, dada."

Mama alilitazama shamba letu, ambalo mvua ilikuwa imeligeuza uji. "Matope," akasema. "Huko Dar hawajasikia kwamba tunayo?"

Ndani ya kreti mlikuwa na chupa za kioo, kila moja ina matope ya rangi yake na juu yake maji ya bahari, na hadubini iliyoviringishwa kwenye khanga. Mama mdogo alitueleza kwamba alikuwa amepanda meli ya utafiti, na kwamba meli ile iliteremsha bomba refu la chuma hadi sakafu ya bahari, likachoma chini na kupanda juu limejaa. Matope mengine yalitoka karibu na pwani. Mengine yalitoka mbali, kule ambako bahari ina kina karibu sawa na kilele cha Kibo kilivyo juu ya mji wa Moshi. Nilijaribu kuigeuza Kibo kichwa chini akilini mwangu nikapata kizunguzungu.

Aliweka meza dirishani, upande wa jua la asubuhi, na mimi nikaruhusiwa kukaa pembeni yake nikishamaliza kazi zangu za nyumbani. Kazi zangu sikuwahi kuzimaliza upesi kama siku zile. Ng'ombe walipata majani kabla hawajaamka vizuri.

Siku ya kwanza aliyonipa jicho la hadubini, mwanangu, nilipiga kelele. Juu ya kisahani alikuwa amenyunyiza punje za vumbi jeupe, vumbi kabisa, la kupuliza likapotea. Lakini ndani ya kile kioo hapakuwa na vumbi. Palikuwa na vigamba. Vingine vimevimba na kushikana kama bisi, vingine vimejizungusha kama konokono, vingine vyembamba vinang'aa mpaka unaona upande wa pili, na vyote vina matundu madogo madogo yaliyopangwa kwa ustadi ambao sijauona kwa fundi yeyote.

"Nani amevitengeneza?" nikauliza.

"Wenyewe. Kila kigamba amekijenga kiumbe mmoja. Hana macho, hana mdomo, hana hata moyo wa kudunda. Anaelea tu huko baharini, anachota chokaa iliyomo majini, anajijengea chumba. Akikua anaongeza kingine. Akifa, kinazama."

"Anaitwaje?"

"Foraminifera."

Mama, aliyekuwa akimenya ndizi za mtori mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Jina lenyewe refu kuliko mwenye jina."

Mama mdogo alikuwa na brashi ndogo yenye unywele mmoja tu mwishoni. Aliulowesha kwa ncha ya ulimi, akagusa kigamba kimoja, akakiinua, akakiweka kwenye chumba chake katika kibao cheusi, kila aina mahali pake. Alifanya hivyo tangu jua linachomoza hadi linapoacha dirisha, homa ikiwa imempumzisha. Hakulalamika mgongo, hakuharakisha. Nikimtazama nilikuwa naona fahari ambayo sikujua niiweke wapi. Hata leo, nikimwona mtu anafanya kazi yake ndogo kwa uangalifu namna ile, namkumbuka.

Alikuwa mwalimu mzuri pia, wa kukufanya ujibu mwenyewe. Siku moja alinigeukia. "Tuseme umefungwa macho, ukashushwa mahali popote kwenye mlima huu, ukapewa konzi moja ya majani yaliyooza ya hapo. Utajua uko wapi?"

"Nitajua," nikasema. "Yakiwa ya mgomba na kahawa, niko huku kwetu. Yakiwa mabua ya mahindi, nimeshuka. Yakiwa ya mpunga, nimefika Chekereni. Yakiwa na kuvu ya msituni, nimepita vihamba vyote, niko juu."

"Basi na bahari ni hivyo hivyo. Kuna wanaopenda maji ya moto moto ya juu. Kuna wanaotaka baridi. Kuna wanaokaa mahali mto unapoingia, kwenye chakula kingi, na kuna wanaovumilia pale chini ambapo hewa ni kidogo mpaka samaki wanakimbia. Joto, chumvi, chakula, hewa, ndivyo vinavyoamua nani akae wapi. Wakifa wanazama, matope yanawaweka. Mimi nasoma matope najua bahari ilikuwaje."

Halafu akaniambia jambo ambalo lilinifanya nisilale vizuri siku ile kwa furaha. Alisema kule chini kuna milima, mikubwa kama huu wetu, na vilele vyake ni vyeupe. Si theluji. Ni vigamba, vimerundikana tangu enzi na enzi. Na ukishuka kwenye miteremko ya milima hiyo unafika mahali weupe unakoma, unabaki udongo mwekundu wa kahawia usio na kitu. Mimi niliyekuwa naamka kila siku naitazama Kibo nikiona kwamba hakuna mwingine duniani mwenye kitu kama hicho, nilijisikia kana kwamba nimepewa ndugu.

"Na kwa nini weupe unakoma?" nikauliza.

Akaweka brashi chini. "Hapo ndipo ninapogombana na watu," akasema.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi, na nitakueleza kwa urahisi kama alivyonieleza. Katika matope ya kina kirefu alikuwa amekuta vigamba vichache tu, na vyote ni vile vyenye kuta nene. Vile vyembamba vya maji ya moto, vinavyong'aa, havikuwamo. Profesa wake akasema maana yake ni wazi: zamani maji ya juu ya mahali pale yalikuwa baridi, na wale wembamba hawakuwahi kuishi pale. Mama mdogo akasema hapana. Yeye aliamini waliishi, kwa wingi, pamoja na wale wanene. Ila walipokufa na kuzama, walipita kwenye maji ya chini, ya baridi, yenye uzito mkubwa na yenye ile gesi inayofanya soda ichemke mdomoni. Maji hayo yanakula chokaa. Wembamba wakayeyuka, wanene wakafika.

"Profesa akaniuliza, ushahidi uko wapi?" akasema. "Nitamwonyeshaje kitu kilichoyeyuka?"

Baada ya Krismasi alitakiwa asimame mbele ya jopo la walimu wake. Chupa zile ndizo zilizokuwa kila alichonacho. Zisipotoa jibu, safari yake ya bahari ingeishia hapo, meli ipande mwingine, na yeye arudi kufundisha watoto jiografia ya vitabuni. Alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida, lakini nilimwona anavyozitazama zile chupa.

Kabla hajafika popote, malaria ikarudi. Usinione nasimulia haraka, ilikuwa hali mbaya. Baba alikuwa Holili mpakani, kazini, kwa hiyo majirani ndio waliotusaidia kumpeleka hospitali Moshi mjini, na mimi nikabaki naye kumwuguza, kumpikia uji na kumfulia. Tulikaa huko muda mrefu. Mama alibaki nyumbani na ng'ombe, kahawa, na zile chupa.

Na zile chupa, mwanangu, zilinuka. Matope ya bahari yakikaa kwenye joto la ndani yanatoa harufu ya yai viza. Mama alikuwa mwanamke msafi mpaka inachosha. Sasa fikiria: mdogo wake yuko kitandani hospitalini, karibu kufa, na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani kinaoza kwenye meza ya dirishani. Angefanya nini?

Alifanya ambacho mwanamke yeyote wa mlima huu angefanya. Alikwenda kwenye pipa lake la maji ya mvua. Pipa hilo lilikaa chini ya mchirizi wa bati na sisi watoto tuliogopa hata kuligusa, kwa sababu maji yake yalikuwa na kazi maalumu. Mama alisema maji ya mfereji yamepita kwa watu, lakini ya mvua hayajapita kwa mtu. Aliyatumia kuogesha watoto wachanga wa ukoo, na kufulia vitambaa vya altare, kwa sababu ni laini na sabuni inatoa povu papo hapo. Hakuwa na maji mazuri zaidi ya hayo. Akamwaga yale maji ya bahari yenye uvundo, akajaza ya mvua katika kila chupa. Yalipoanza kunuka tena, akamwaga akajaza mengine.

Ndiyo maana tulipofika mlangoni siku ile nyumba ilikuwa inanuka sabuni na ndizi tu. Mama alitupokea kwa kigelegele. Alimkalisha mdogo wake, akamfunika shuka, kisha akasogea pembeni ili meza ionekane. Zile chupa zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, maji yake maangavu kabisa, zinameta.

"Umeona?" akasema mama. "Nimewatunza watoto wako."

Mama mdogo alizitazama kwa muda. "Ahsante dada," akasema polepole. "Haya maji ni ya wapi?"

"Ya pipa! Ya mvua. Nimeyabadilisha kila mara, kama unavyobadilisha ya maharage."

"Ahsante sana, dada."

Alikunywa uji wote, akaangalia kwenye hadubini kwa muda mrefu, akanyanyuka akatoka. Nilimfuata nikamkuta katikati ya migomba amejishika kwenye shina, analia bila sauti. Akanieleza. Maji ya bahari ya chupa zile yalikuwa yameshiba chokaa, kwa hiyo hayakuwa na njaa nayo. Maji ya mvua hayana chokaa hata chembe, na yakishuka angani yanabeba kidogo ile gesi ya kwenye soda. Yalikuwa yamekula vigamba vyake. Vyembamba vyote katika chupa za pwani vilikuwa vimekwenda.

"Usimwambie dada," akasema. "Ametoa maji yake ya altare. Usimwambie kabisa."

Lakini mama hakuwa mjinga. Alinisubiri jikoni akanishika bega. "Nimefanya nini?" akauliza. Nikajaribu kusema hakuna kitu. Akaliminya bega. Nikamwambia. Alikaa chini pale pale aliposimama, kwenye majivu, na sikuwahi kumwona mama yangu akikaa kwenye majivu.

Asubuhi yake, alfajiri imepambazuka, nilimwona anatoka mpakani mwa kihamba na jani la isale. Nyinyi siku hizi mnaliona isale kama ua la mapambo ya hotelini. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hakatai. Na kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa, au mtu na mwenzake. Mtu aliyekulea, aliyekuogesha na kukutafunia chakula, kukuletea wewe isale ni jambo ambalo sikuwa nimeliona na sijaliona tena.

Mama mdogo alipomwona mlangoni na lile jani, alishuka kitandani na udhaifu wake wote akapiga magoti haraka, kumwahi mama asije akapiga yeye.

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Pokea," akasema mama. "Nimekuharibia kazi yako. Nimekusomesha ili nije niiharibu kwa mkono wangu."

"Hukujua, dada."

"Sikukuuliza pia. Ulikuwa hai, hospitali si mbali, ningeweza kutuma mtu akuulize. Pokea."

Mama mdogo akalipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea," akasema. "Imekwisha. Sitaikumbuka kwa ubaya, wala sitaisema kwa mtu kama kosa." Wakashikana wakalia kama watu wawili wanaozika. Nisikilize vizuri hapa, mwanangu. Saa ile Aikande hakuwa na tumaini lolote. Alijua amepoteza kila kitu, na hakukuwa na dalili kwamba kutatoka jema hata moja. Alisamehe akiwa mikono mitupu. Nimeishi miaka mingi na kumbukumbu hiyo na bado namstaajabia.

Baada ya uji alikwenda mezani kufunga vitu vyake. Alitaka kumwaga yale matope kwenye kahawa na kuosha chupa. Alichungulia mara ya mwisho chupa moja ya pwani, kwa kuaga tu nadhani. Nikaona mkono wake umesimama hewani. Akaniambia bila kugeuka, "Niletee kile kibao cha matope ya kina kirefu nilichokipanga kabla sijaugua. Kile chenye wachache."

Aliweka vibao viwili sambamba, akaniita. "Kimoja ni cha pwani kilichooshwa na dada. Kingine ni cha chini kabisa baharini. Niambie kipi ni kipi."

Nilitazama huku na kule. Huku vigamba vinene vichache vyenye mikwaruzo, na vipande vipande. Kule vigamba vinene vichache vyenye mikwaruzo, na vipande vipande. "Siwezi," nikasema.

"Mimi pia siwezi!" akapaza sauti, na kucheka kukamshika mpaka akakohoa. "Hawa wa pwani niliwaona kwa macho yangu. Wembamba walikuwamo tele, nilianza kuwahesabu kabla sijaugua. Maji yamewala, yakawaacha wanene, na sasa chupa inasema uongo ule ule wa kule chini. Ukiitazama leo utaapa kwamba bahari ya pwani ilikuwa baridi!"

Bahati nzuri ilikuwapo chupa moja ya pwani ambayo mama hakuiona, iliyokuwa imesahaulika kwenye begi la nguo la Aikande. Aliigawa. Sehemu moja aliiacha kwenye maji yake ya bahari na kuongeza magadi kidogo ya kupikia maharage, ambayo yanazuia maji kula chokaa. Sehemu nyingine akaitia maji ya mvua, na mama ndiye aliyeombwa kuyabadilisha, vile vile alivyokuwa akifanya. Kila asubuhi tukawa tunatazama. Katika magadi hakuna aliyeondoka. Katika maji ya mvua walianza kwenda wale wanaong'aa, kuta zao zikitoboka kwanza kama majani yaliyoliwa na viwavi, kisha wale wa kati. Wanene walibaki mwisho.

Siku moja mama aliomba aangalie. Hakuwa amewahi kuinamia ile hadubini, alidai inamwumiza shingo. Aliangalia chupa ya magadi, akaangalia ya mvua, akarudi kwenye ya magadi.

"Aikande," akasema. "Hawa wembamba. Profesa wako anasema hawakuwapo?"

"Ndivyo anavyosema, dada."

"Na wewe unasema waliishi. Ila hawakufika chini."

"Waliishi, dada. Waliishi kabisa, walijenga na vyumba vyao. Ni maji tu waliyopitia."

Mama aliinua kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akataja majina mawili, la msichana na la mvulana. Sikuwa nimewahi kuyasikia. Mama mdogo alifunika mdomo kwa mkono, kwa sababu yeye aliyajua. Alikuwa mtoto mdogo ndani ya nyumba hii wakati wale wawili walipozaliwa kabla yangu, wakaishi siku za kunyonya tu, wakaondoka na homa. Walibatizwa, wakazikwa pale mgombani, na kwa kuwa walikuwa wachanga hakuna aliyewataja tena. Sisi tuliobaki tulikuwa watatu, wanene wenye mashavu, na watu walimsifu mama kwamba uzao wake ni wa nguvu. Kila aliposifiwa hivyo alikuwa anaitikia tu.

Mama mdogo alirudi Dar na chupa zake. Alisimama mbele ya walimu wake, akaweka vibao sambamba, akawauliza kama alivyoniuliza mimi: kipi ni kipi? Wakatazama, wakabishana, wakatazama tena. Profesa wake alikuwa mtu muungwana. Alisema mbele ya wote kwamba atayasoma upya matope yote aliyowahi kuyatolea hukumu. Aikande akapanda meli tena, na hakushuka hadi alipostaafu na mvi zake. Mimi niliishia kuwa mwalimu wa baiolojia, na hadubini niliijua kabla sijaijua sketi ya kwenda kazini.

Mama naye, tangu vuli ile, mgeni akimwuliza ana watoto wangapi, hakujibu tena watatu. Alijibu, "Nina watano. Watatu ndio hawa unaowaona." Na alikuwa anakutazama usoni mpaka useme pole.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nakuomba uishike. Ukikuta mahali hapana kitu, usiwe mwepesi kusema hapakuwa na mtu. Uliza kwanza ni maji gani yamepita hapo. Waliobaki wasifu, wana haki ya sifa zao, lakini usiwafanye kuwa ndio peke yao waliowahi kuishi. Ukikuta kitu cha mwenzako usichokielewa, hata kama kinanuka, hata kama una mapenzi na una maji mazuri kuliko yote, mwulize mwenyewe kabla hujakiosha. Na mtu akikuharibia bila kujua, akaja kwako na jani mkononi, pokea. Pokea siku hiyo hiyo, wakati bado inauma, usingoje kwanza uone kama hasara itageuka kuwa faida. Yetu iligeuka. Yako inaweza isigeuke, na bado upokee.

Sasa inua kichwa nikubariki. Ruwa, Mungu wetu, akupe jicho la subira kwa vitu vidogo. Akupitishe kwenye maji yasiyokula ulichojenga, na pale yatakapokula, akupe mtu mmoja wa kusema kwa sauti kwamba uliishi. Sema amina, kisha nenda kule mgombani, nitakuonyesha mahali, ukawasalimie mama yako mkubwa na mjomba wako kwa majina yao.